Faili la Healey: karatasi za BN2 iliyonunuliwa kama 100M

9 Februari

Gari limeshushwa kwenye trela jana jioni, gereji kwa Mjomba, hapa Coventry. Austin-Healey 100, usukani wa kushoto, nyekundu juu na nyeusi mbavuni, boneti ina safu za matundu ya kupumulia na mkanda wa ngozi unaopita juu yake. Mwenyewe analiita 100M. Alilinunua kwa jina hilo, bima anailipa kwa jina hilo, na mwaka huu anataka kulipeleka mnadani kwa jina hilo hilo. Mjomba kapewa kazi ya bodi na rangi. Mimi nimepewa karatasi: kabla msasa haujagusa kitu, tujue gari hili lilitoka kiwandani likiwaje na tangu siku hiyo limekuwa mikononi mwa nani.

Niweke msingi kidogo kwa anayefuatilia shajara hii na hajawahi kukutana na magari haya. Healey 100 ilionekana mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Earls Court, London, Oktoba 1952. Donald Healey alikuwa na karakana yake Warwick. Leonard Lord, mkuu wa Austin, aliliona gari akalipenda, wakakubaliana Austin ilitengeneze kwa wingi. Injini ilitoka kwenye Austin A90, silinda nne, cc 2,660. Bodi zilitengenezwa na Jensen kule West Bromwich, zikasafirishwa hadi Longbridge, Birmingham, kufungiwa injini na vilivyobaki. Toleo la kwanza, BN1 la gia tatu, lilitoka 1953 hadi 1955. BN2 la gia nne likafuata, likaishia 1956.

Kisha kuna 100M. Hizi ni BN2 640 ambazo baada ya Longbridge zilipelekwa Warwick kwa akina Healey zikaongezewa nguvu: kabureta za SU za inchi 1¾ badala ya inchi 1½, boksi la kuvuta hewa baridi, kamshafti nyingine, pistoni za mgandamizo wa 8.1 kwa 1 wakati BN2 ya kawaida ni 7.5, stabilaiza nene mbele, na ile boneti ya matundu. Nguvu farasi zikapanda kutoka 90 hadi 110.

Tatizo letu lilizaliwa hapo hapo. Vingi kati ya vifaa hivyo viliuzwa pia kwa seti, seti ya Le Mans, na mwenye Healey 100 yoyote aliweza kuinunua kwa wakala akafungiwa. Leo magari mawili yanasimama pamoja, yote na mkanda, yote na matundu, yote na kabureta kubwa. Moja ni 100M na jingine si 100M, na tofauti ya bei kati yao ni ya kununulia gari jingine zima. Kwa macho huwezi kuyatenganisha. Unahitaji leja ya kiwanda.

11 Februari

Nimetuma maombi ya cheti Gaydon. British Motor Museum, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1993 pale Gaydon, Warwickshire, ndilo linalotunza kumbukumbu za uzalishaji za Austin, MG, Triumph na ndugu zao wengi. Jaguar wana taasisi yao ya urithi inayotoa vyeti vya magari yao. Cheti kinanukuu kilichoandikwa kiwandani: namba ya gari (ya kiwandani, si ya usajili), ya injini na ya bodi, rangi, vitambaa na ngozi za ndani, tarehe ya kutengenezwa na ya kuondoka, lilikopelekwa, na vifaa vya ziada lilivyotoka navyo. Mara nyingi hata namba ya ufunguo imo.

Ninaziamini leja hizi kwa sababu moja. Karani aliyeandika mstari ule hakuwa akimwandikia mnunuzi wa mnadani. Aliandika ili gari limfikie aliyeliagiza na ankara itoke sawa. Hakuwa na cha kupata kwa kulipamba gari, na hakuna karatasi nyingine katika maisha ya gari la zamani ambayo unaweza kuisemea hivyo. Risiti ya gereji, barua ya muuzaji, tangazo la gazetini, zote ziliandikwa na mtu aliyetaka kitu.

Namba kamili siziandiki humu. Kibao cha namba hiyo ya kiwandani kimeshikwa na skrubu, na mtu mwenye bisibisi anaweza kulipa gari jingine maisha ya gari hili. Nitasema tu kwamba inaanza na BN2-L. B ni injini ya kati ya cc 2,000 na 2,999, N ni bodi ya viti viwili, 2 ni toleo la pili, L ni usukani wa kushoto.

16 Februari

Wakati tunasubiri Gaydon, tumehoji bati.

Jensen walikuwa wakigonga namba ya bodi kwenye vipande mbalimbali vya gari, kwa kuwa boneti, buti na mapambo ya alumini ya ukingo wa viti vilirekebishwa kwa mkono hadi vikae kwenye bodi moja. Kipande cha gari hili hakikukaa sawasawa kwenye lile. Kwa hiyo kila kipande kilipewa namba ya gari lake kisipotee njiani kwenda kupakwa rangi na kurudi. Ajabu ya jambo hili ni kwamba kilichofanywa kwa ajili ya urahisi wa wafanyakazi wa West Bromwich sasa ndicho kinachotusaidia kujua kipande kipi ni cha nyumbani na kipi kimeletwa.

Mjomba alifungua pambo la alumini la nyuma ya viti, skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka kwenye kopo kwa mpangilio wake. Akaligeuza, akapangusa upande wa chini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akanisogezea tochi.

“Njoo usome hapa, mpwa wangu. Macho yako mapya.”

“Tarakimu nne, Mjomba. Ya mwisho imeingia pembeni kidogo.”

“Soma.”

Nikasoma. Tukaenda kwenye buti, tukakwangua uchafu: tarakimu zile zile. Kisha boneti. Mjomba aliipapasa upande wa ndani kwa ncha za vidole kabla hata ya kuleta mwanga, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Tulisafisha hadi kwenye chuma kitupu pale ambapo namba ingepaswa kuwa, na chuma ni laini.

“Boneti hii mgeni,” akasema.

Jambo la pili lililoonekana leo ni rangi. Chini ya lile pambo, mahali ambapo bunduki ya kupulizia haikufika wakati gari linafanywa jekundu, kuna ukanda usiozidi upana wa kidole wa buluu hafifu inayometameta. Haina weupe wa rangi ya msingi, wala si kutu. Ni buluu ya Healey, na imekaa moja kwa moja juu ya rangi ya msingi bila kitu kati yake. Nimeipiga picha kwa mwanga wa ubavuni na nimemwomba Mjomba asiiguse kabisa, hata tukifika kwenye kupaka rangi. Ukanda huo ni ushahidi, na ukifunikwa umekwenda.

24 Februari

Mwenye gari ameleta bahasha aliyopewa na aliyemuuzia. Ndani yake: hati ya umiliki ya California, ankara kadhaa za gereji, picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, karatasi za gari kuingizwa Uingereza mwaka 1989, na ukurasa uliopigwa taipu unaosimulia maisha ya gari. Ukurasa huo hauna jina la mwandishi wala tarehe. Unasema gari lilikuwa 100M tangu kiwandani na kwamba lilishindana mbioni Marekani.

Nimeanza na hati ya California, na mara moja kuna kizuizi. Namba iliyoandikwa humo haifanani na namba ya kibao. Mwenye gari aliiona tofauti hiyo zamani na ilimkosesha usingizi, akahofia huenda hati ni ya gari jingine. Nimemwambia asubiri cheti. Miaka ile ya 1950, majimbo ya Marekani mara nyingi yaliyasajili magari ya Uingereza kwa namba ya injini badala ya namba ya gari. Karani wa usajili alichukua namba aliyopewa. Ikiwa namba ya hati ndiyo itakayotoka kwenye cheti kama namba ya injini, basi hati ni ya gari hili, tena itakuwa imetuthibitishia kitu cha ziada.

8 Machi

Cheti kimefika.

Limetengenezwa Januari 1956. Usukani wa kushoto. Limepelekwa Marekani. Rangi: buluu ya Healey, rangi moja, ndani buluu pia. Hita, spidomita ya maili, kioo cha mbele cha tabaka. Namba ya bodi ni zile tarakimu nne tulizozisoma chini ya pambo na kwenye buti. Namba ya injini ndiyo iliyo kwenye hati ya California, na ndiyo iliyo kwenye injini iliyomo ndani ya gari leo.

Nimesoma cheti mara mbili nikitafuta Warwick, seti ya Le Mans, boneti ya matundu, mkanda. Havimo. 100M iliyotoka kwa akina Healey cheti chake hulionyesha jambo hilo. Hiki ni cha BN2 ya kawaida.

Sitaki kulipita haraka lililo jema hapa. Gari lililotimiza miaka sabini, lililovuka bahari mara mbili, bado lina injini yake, bodi yake, na hati ya mtu aliyelimiliki kwanza California. Nimeona magari yenye majina makubwa kuliko hili ambayo hayana hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kama mwenye gari asingekuwa ameambiwa 100M, leo angeshangilia.

9 Machi

Picha. Niliiacha mwisho nikidhani haina la kusema zaidi ya kumbukumbu ya familia: gari mbele ya nyumba, kijana ameegemea mlango. Nimeikagua leo kwa kioo cha kukuzia.

Kwanza, gari lina rangi moja. Pili, boneti ni tambarare, hakuna matundu, hakuna mkanda. Tatu, na hili ndilo lenye uzito, namba ya usajili ya California inayoonekana ina herufi nyeupe-nyeupe juu ya weusi. California ilitoa namba za njano zenye herufi nyeusi kuanzia 1956. Zile nyeusi zenye herufi za njano zilianza 1963. Kwa hiyo picha hii haikupigwa kabla ya 1963, na wakati huo gari bado lina boneti yake ya kwanza.

Sasa mashahidi watatu ambao hawakuwahi kujuana wanasema kitu kimoja. Leja ya Longbridge haiijui boneti ya matundu. Chuma cha boneti iliyopo hakina namba ya bodi. Picha ya miaka ya 1960 inaonyesha boneti nyingine. Kingekuwa kimoja peke yake ningeacha mlango wazi: leja inaweza kuruka kitu, boneti inaweza kubadilishwa baada ya ajali. Vikiwa vitatu, naufunga.

15 Machi

Nimemweleza Mjomba, naye akauliza swali ambalo mwenye gari pia ataliuliza: mbona kuna magari maarufu yaliyobadilishwa kila kitu na bado yanauzwa kwa jina lake la zamani?

Kuna kesi inayolijibu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kuhusu Bentley Speed Six iitwayo Old Number One, iliyoshinda mbio za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mmiliki, Edward Hubbard, alikuwa amekubaliana kuiuza kwa takriban pauni milioni 10. Mnunuzi akarudi nyuma, akidai lile silo gari lililoshinda. Na kweli, baada ya ushindi ule gari lilijengwa upya tena na tena. Liliwekewa injini ya lita 8, na mwaka 1932 pale Brooklands dereva Clive Dunfee alirushwa nje ya ukingo wa juu wa njia nalo, akafa. Likajengwa tena, safari hii likiwa na paa. Vipande vya 1930 vilivyosalia vilikuwa vichache mno. Jaji Otton hata hivyo alimpa Hubbard haki: hakuna siku gari lile lilipokoma kuwepo, historia yake ilikuwa haijakatika, na hapakuwa na gari jingine lenye haki ya kulidai jina.

Watu wengi wameichukua hukumu hiyo kama ruhusa ya kulipa gari jina wanalolitaka. Mimi naisoma kinyume. Mahakama iliulizwa, hili ndilo gari lile? Jibu la swali hilo linatokana na mfululizo wa karatasi, na Bentley ilikuwa nao. Swali letu ni tofauti. Hakuna anayebisha kwamba Healey hii ndiyo Healey hii. Tunachoulizwa ni kama mwanzoni mwa 1956 ilipita Warwick. Hilo ni tukio la wakati mmoja. Lilitokea au halikutokea, na hakuna matengenezo ya baadaye, hata yawe mazuri kiasi gani, yanayoweza kulitokeza.

Serikali ya hapa nayo hadi 2025 ilikuwa na kipimo chake, na nakiandika kwa sababu mwenye gari alidhani kinamsaidia. Gari lililobadilishwa sana lilihesabiwa pointi ili libaki na namba yake ya usajili: chesisi ya asili 5, suspensheni 2, eksili 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1. Zilihitajika 8, na ilikuwa lazima chesisi iwemo. Healey yetu ingevuka bila shida. Lakini pointi hizo zilihusu gari kubaki na namba yake barabarani. Kuhusu 100M hazikusema lolote. Hata kadi ya usajili ya Uingereza yenyewe imeandikwa waziwazi kwamba si uthibitisho wa umiliki.

20 Machi

Nimepanga faili. Kila karatasi ina ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa nimeandika mambo mawili: inathibitisha nini, na haithibitishi nini. Hati ya California inathibitisha mmiliki wa kwanza pale na namba ya injini. Haithibitishi alilinunua kwa nani. Ankara za gereji zinafika 1971 na zinataja breki, tairi na betri. Baada ya hapo hakuna kitu hadi karatasi za 1989.

Miaka hiyo kumi na minane nimeipa ukurasa wake pia. Juu nimeandika 1971–1989, chini pake patupu, isipokuwa sentensi moja: seti ya Le Mans na rangi ya sasa huenda viliwekwa katika kipindi hiki au baada yake. Mwenye gari aliponiona naandika aliuliza kama hatuwezi kutumia ule ukurasa wa taipu kujazia. Nimekataa. Umewekwa nyuma kabisa ya faili, ndani ya bahasha ya plastiki, na maelezo kwamba mwandishi wake hajulikani na kwamba dai lake kubwa, la 100M, limepingwa na leja. Mtu anayekosea kuhusu kiwanda siwezi kumtumia kuwa shahidi wa mbio. Mnunuzi makini akikutana na pengo lililoandikwa kuwa pengo, ataamini kurasa nyingine. Akikuta pengo limepakwa simulizi, ataanza kutilia shaka hata hati ya California, ambayo ni safi.

Kuna wauzaji wanaoona hili kama kujiumiza. Nawajua, na naona kila mwaka magari yao yakirudishwa na wanasheria.

23 Machi

Tumekaa na mwenye gari, Mjomba, mimi, na faili mezani. Alikaa kimya muda mrefu kwenye ukurasa wa cheti. Halafu akataka kuiona ile buluu. Mjomba alimshikia tochi, mzee wa watu akainama mwenyewe, akaitazama, akauliza kama ni rangi iliyopakwa Longbridge kweli. Mjomba akamwambia ndiyo, na kwamba tangu Januari 1956 hakuna aliyeipaka kitu juu yake.

Hajaamua kuhusu rangi. Nyekundu na nyeusi ndivyo alivyolipenda gari hili, na ni haki yake. Mjomba angelirudisha buluu kesho asubuhi, na mimi niko upande wa Mjomba. Boneti ya matundu inabaki, maana ni kazi nzuri na seti ya Le Mans iliyofungwa vizuri ina wapenzi wake, ilimradi iitwe kwa jina lake. Nimeanza kuulizia boneti tambarare ya BN2 ili iende pamoja na gari, mnunuzi achague mwenyewe.

Neno 100M limetolewa kwenye maombi ya mnada, na kampuni ya bima itaandikiwa wiki hii. Maneno ya ukurasa wa kwanza tumekubaliana hivi: “Austin-Healey 100, BN2, Januari 1956, usukani wa kushoto, ilipelekwa Marekani. Injini na bodi ni za asili kwa mujibu wa kumbukumbu za kiwanda. Ilitoka kiwandani ikiwa buluu ya Healey. Imewekewa seti ya Le Mans baadaye, tarehe haijulikani. Boneti si ya awali. Hakuna hati za kati ya 1971 na 1989.”

Jumatatu kichwa cha injini kinafunguliwa tupime pistoni, na matokeo yake yataingia faili yakiwa vyovyote yatakavyokuwa.